Safari ya mwaka mzima inalipwa na nani?

Kha! Jamani, mtu akiniambia tena hapa kijiweni kwamba vijana wa mabegi makubwa wanaozunguka dunia wanakula bata tu, nitamwambia akalale usiku mmoja kwenye chumba cha watu wanane kule Bangkok, ndipo turudi kwenye mazungumzo. Sisemi wana dhiki. Nasema maisha yao hatuyajui, na kwa kutoyajua tunawakasirikia kwa kitu ambacho si kosa, huku lile la kukasirikia kweli tunaliacha lipite mbele ya macho yetu.

Mtalii wa wiki mbili ni habari nyingine. Huyo kitanda kinatandikwa, chai inamfuata. Lakini anayetoka kwao kwa miezi minane au mwaka amebeba nyumba mgongoni, na nyumba ina kazi zake. Asubuhi ni foleni ya bafu. Chupi na soksi zinafuliwa kwenye sinki la kunawia kwa kipande cha sabuni, zinaanikwa kwenye chuma cha kitanda cha dabo deka, na aliyelala chini anaamka na tone usoni. Msimu wa mvua hazikauki. Basi linaondoka saa kumi na mbili, zinatiwa begini mbichi hivyo hivyo, na kufika jioni begi zima linanuka uvundo. Jiko ni la wote: kila mfuko ndani ya friji umeandikwa jina la mwenyewe na tarehe ya kuondoka, na pembeni pana rafu ya vilivyoachwa na waliokwisha kwenda, chumvi, nusu pakiti ya tambi, mafuta kidole kimoja chini ya chupa. Chakula cha usiku kinaanzia kwenye rafu hiyo. Kabla ya kulala kuna kazi ya kutafuta soketi. Plagi yetu ya meno matatu bapa haiingii Ujerumani, ya Ujerumani haiingii kwetu, na soketi ni mbili kwa watu wanane.

Na mabasi! Vietnam ukipanda basi la usiku unavua viatu mlangoni, unapewa mfuko wa plastiki uvitie, unapita na soksi hadi kwenye kitanda chako kilichobanwa juu ya kingine. Mtu mrefu analala amekunja magoti mpaka kunakucha. Hakuna anayelipenda kwa raha yake. Linapendwa kwa sababu nauli na malazi vimelipwa kwa tiketi moja.

Hapo ndipo pa kusikiliza. Maisha yale yote yanaongozwa na hesabu ya siku. Mtu ameweka akiba miaka miwili, ameigawa kwa siku anazotaka kukaa njiani, na kila anachobana leo kinamwongezea kesho moja. Hesabu hiyo ni ya tangu zamani. Mwaka 1972 Tony na Maureen Wheeler waliondoka London na gari kuukuu, wakapita Uturuki na Iran, wakaliuza Afghanistan, wakaendelea hadi Australia, na walipofika Sydney walikuwa wamebakiwa na senti 27. Mwaka uliofuata wakatoa kijitabu cha kuwaonyesha wengine namna ya kuivuka Asia kwa fedha kidogo, na kutokana nacho ikazaliwa Lonely Planet. Njia yenyewe ya barabarani ilikatika 1979, mapinduzi yalipotokea Iran na majeshi ya Kisovieti yalipoingia Afghanistan. Lakini hesabu ilibaki, na ndiyo inayotembea leo na vijana hawa kutoka Hanoi hadi Cusco hadi hapa Moshi.

Mimi kubana matumizi simlaumu mtu. Tena nawatetea. Mgeni wa begi hupanda daladala pamoja nasi, hula wali maharage kwa mama ntilie, hulala kwenye nyumba ya mtu mwenye vyumba vinne. Shilingi yake ni ndogo lakini inaingia moja kwa moja mkononi mwa anayeihitaji, wakati dola nyingi za mgeni mkubwa zimelipwa hukohuko kwao kabla hajapanda ndege. Kwa hiyo linaniuma zaidi ninapomwona mtu huyuhuyu, mwenye bahati ya kukutana na wenye nchi ana kwa ana, akimkamua mnyonge kuliko wote.

Niliona mwenyewe soko la Mbuyuni. Mama amekaa chini, maparachichi yake ameyapanga kwenye kiroba mafungu ya matano matano. Kijana, begi mgongoni na jingine dogo kifuani, ameinama anasema ametajiwa bei ya mgeni. Huenda ni kweli. Sokoni mgeni hupandishiwa, tusifichane. Wakavutana. Mama akashusha. Kijana akataka ashushe tena, na mama akashusha tena kwa sababu jua lilikuwa limepanda na parachichi lililoiva halingoji kesho. Kijana akalipa, akampa mkono kwa heshima kabisa, akaenda zake akiamini wote wawili wamefurahi. Mama akavuta fungu lililofuata, akaondoa parachichi moja, akalificha chini ya kanga. Dada aliyekuja baada ya hapo, mwenye mtoto mgongoni, alinunua manne kwa bei ya matano.

Kijana yule hataujua mwisho wa biashara yake. Na huenda wiki hiyohiyo alipanda Kilimanjaro, ambako ada za hifadhi zinahesabiwa kwa dola kwa kila siku atakayokuwa mlimani. Pale habishani, bei imebandikwa na mpokea fedha yuko nyuma ya kioo. Sasa niambieni, kwa nini hesabu ya siku irekebishwe kwa yule asiye na kioo? Punguzo la shilingi mia mbili si siku ya ziada popote duniani. Kwa mama yule ni sehemu ya nauli ya kurudi nyumbani, au ni chumvi.

Halafu wapo waliovuka mpaka. Miaka kadhaa sasa watu wa Bangkok na Kuala Lumpur wanapiga picha vijana wa Ulaya wenye afya zao wamekaa kando ya barabara na kibao: nisaidie niendelee kuzunguka dunia. Wengine wanauza picha za safari yao, wengine wanapiga gitaa, wengine wamenyoosha mkono tu. Wanaowapita ni wauza supu na wafagiaji ambao hawajawahi kupanda ndege. Astaghfirullahi! Kuomba kwa njaa naelewa, mkono wa mwenye njaa haurudishwi. Kumwomba mfagiaji akuchangie kutembea ni kumwibia kwa tabasamu.

Haya, na sisi? Maana kuna wazee hapa wanaosema safari za namna hiyo si za mtu mweusi. Si kweli hata kidogo. Mwaka 1896 Salim bin Abakari alifuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia, na masimulizi yake, aliyoyatoa kwa Kiswahili, yamo katika kitabu cha safari za Waswahili alichokichapisha Carl Velten mwaka 1901. Hakwenda kwa hiari ya mtalii, alikwenda kama mtumishi, lakini jicho lilikuwa lake. Na karne nyingi kabla yake, mwaka 1331, Ibn Battuta alipita Mombasa na kufika Kilwa, miaka sita tangu aondoke kwao Tangier. Yeye alihitaji hesabu ya siku kidogo sana, kwa kuwa kila mji wa Kiislamu ulikuwa na mtu wa kumlaza na kumlisha, naye alimsifu sultani wa Kilwa kwa ukarimu. Pwani yetu imemlisha msafiri wa begi kabla begi halijawa mtindo.

Kinachotukwamisha ni mlango. Kijana wa Kijerumani anaamka, anakata tiketi, anaingia Bangkok bila viza. Akiishiwa anaweza kwenda Australia kwa kibali cha vijana cha kusafiri huku wakifanya kazi, akachuma matunda shambani, na siku 88 za kazi za namna hiyo zinampa haki ya kuomba mwaka wa pili. Mpango huo una nchi nyingi za Ulaya, za Asia na za Amerika. Ya Afrika haimo hata moja. Mashamba yanahitaji mikono, na mikono ya kuchuma tunayo. Mnaona jambo la kusonya liko wapi?

Mtanzania akitaka kupita Ulaya kwenye mzunguko wake analeta taarifa za benki, barua ya mwajiri, bima ya euro 30,000, na ada ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90. Akinyimwa, zile 90 hazirudi. Na barua ya mwajiri yenyewe inaua safari ndefu, kwa maana inamtaka aonyeshe kazi anayoirudia, ilhali anayetaka kuzunguka mwaka mzima ndiye aliyeiacha kazi. Jessica Nabongo, aliyezaliwa Detroit kwa wazazi kutoka Uganda, alimaliza kuzitembelea nchi zote za dunia Oktoba 2019. Ana pasi mbili, ya Marekani na ya Uganda. Nampongeza kwa moyo wote, na bado najiuliza angefika wapi mwenye ile ya Uganda peke yake.

Kwa hiyo siku ya msafiri wetu ina kazi ya ziada ambayo yule wa kitanda cha jirani haijui. Wenzake wanakwenda ufukweni, yeye yuko kwenye duka la fotokopi anachapisha tiketi ya kuondokea, maana pale kaunta ya ndege ataulizwa atatoka lini kwenye nchi ambayo hajaingia. Shirika la ndege linaogopa faini na gharama ya kumrudisha, basi woga wake unalipiwa na abiria. Nayo hiyo hesabu ya siku, iliyokwisha kuwa nyembamba, inameguka tena.

Yupo kijana wa bodaboda hapa kijiweni anayetaka kusafiri, ila hajasema jambo hili kwa watu wengi. Pasi ameshachukua, shilingi 150,000 alizozikusanya mwaka mzima. Ameanza kuuliza nauli za Malaysia na Singapore, kwa kuwa pasi yetu inaingia huko bila kuomba viza kwanza. Wazee wakamcheka. Mimi nikamuuliza kama amechanjwa homa ya manjano, maana baadhi ya nchi za Asia zinamdai cheti cha chanjo hiyo mtu anayetoka upande wetu. Hajachanjwa. Wengi husubiri hadi wiki ya safari, na cheti kinaanza kukubalika siku 10 baada ya sindano, mtu anabaki uwanjani na tiketi mkononi. Nimemwambia aende mapema. Tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha, kwa hiyo hata tarehe ikisogea hadi mwakani, fedha yake haijapotea. Amesema Jumatatu anaegesha pikipiki, anakwenda.