Kelele Tuziache, Tuzungumze Makaa

Hakuna mtu anayejali usalama wa watoto kuliko jirani aliyekatiziwa usingizi wa mchana. Kabla ya hapo watoto wa mtaa mzima wanaweza kucheza katikati ya barabara, wakapanda mparachichi hadi tawi la mwisho, na yeye asiinue hata shingo. Lakini acha mama wa nyumba ya pili aanze kulea watoto wa wenzake kwa malipo, kilio kivuke ua saa nane mchana, hapo ndipo huruma inapomjaa. Anaanza kuulizia vibali na kuulizia vyoo. Anataja haki za mtoto kwa sauti ya mtu aliyezitunga yeye mwenyewe.

Mtaani kwetu Nyamugari, hapa Gitega, mama huyo tunamwita Mama Kresha. Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho tu. Alianza na mjukuu wake mmoja. Akaongezeka mtoto wa binti wa kibanda cha kutuma pesa, wakaja mapacha wa muuguzi, akaja wa muuza ndagala, na sasa ukipita langoni kwake asubuhi utakuta kandambili ndogo zimepangwa ukutani, nyingi kuliko viatu vya wazee msikitini kwa sala ya alfajiri.

Kabla hatujamlaumu, tupige hesabu. Mama mwenye ajira ya mshahara hapa Burundi ana likizo ya uzazi ya wiki 12. Shule ya msingi, ambayo imekuwa bila ada tangu 2005, inampokea mtoto akifika miaka 6. Kati ya wiki 12 na miaka 6 kuna shimo, na ndani ya shimo hilo kuna mtoto anayetaka uji. Chekechea zipo, lakini zinataka ada, na zinataka mtoto aliyekwisha jifunza kuomba choo mapema, si kusema akishamaliza. Muuza ndagala, kwa upande wake, hata hizo wiki 12 hazijui. Likizo yake inaisha siku mtoto anapoweza kukaa mgongoni kwenye mbeleko bila kuanguka.

Utasema kuna mayaya. Wapo, Mungu awabariki, lakini yaya wa mji huu ana bibi kijijini ambaye hufariki kila msimu wa kuvuna maharage, na mazishi yake hayaishi mpaka mvua zianze. Mkono mmoja haulei mwana, walisema wahenga. Mama Kresha ndiye mkono wa pili, na mkono huo una bei nafuu.

Tabu ni kwamba ukuta wake na wangu ni ua mmoja wa minyaa, na minyaa haizuii kitu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Shule yetu ina zamu mbili, mimi nafundisha asubuhi, na mchana nakaa barazani kusahihisha madaftari. Mchana huo ndio wakati ambao mtoto mmoja upande wa pili huamua kulia. Halii kwa sababu. Wa pili anamsikia, naye anaona si heshima kumwacha mwenzake peke yake. Wa tatu anaamka usingizini na kuanza katikati, bila kuuliza wamefika wapi.

Na kilio ndicho kilicho chepesi. Alfajiri moja yenye ukungu nilifungua lango nikatoe baiskeli, mama mmoja akanipachika mtoto mikononi, akaniambia, “Ana mafua kidogo, asioge,” kisha akaruka juu ya pikipiki na kuondoka. Nilisimama pale na mtoto wa watu. Tulitazamana. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kugundua kwamba mimi si Mama Kresha, na alilitangaza jambo hilo hadi soko kuu likasikia.

Siku nyingine mvulana mmoja alipenya kwenye ua wakati nimeingia ndani kutafuta miwani. Niliporudi nilimkuta na kalamu yangu nyekundu. Alikuwa ameshasahihisha rundo zima, kila ukurasa una vema kubwa kutoka kona hadi kona. Darasa langu halijawahi kufaulu namna ile. Wazazi wawili walinipongeza.

Halafu kuna ngoma. Gitega ni nchi ya ngoma, hilo hatuna la kujitetea. Gishora, mahali pa ngoma za wafalme, pako jirani na mji wetu, na ngoma ya kifalme ya Burundi iliingia katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014. Watoto wa Mama Kresha hawajasoma orodha hiyo, lakini wana mabeseni. Mkubwa wao, miaka minne na nusu, anasimama katikati na mwiko, wengine wanajipanga nusu duara, na beseni la kufulia linapigwa mpaka kuku wangu wanakwenda kutagia kwa jirani.

Basi mtaa ukaitisha kikao. Mwenye baa alilalamikia kelele, akisemea karibu na spika yake ambayo huzimwa saa sita usiku ikiwa na haya. Mwenye mbwa alilalamikia usafi. Mwenye gari alilalamikia pikipiki zinazoleta watoto asubuhi na kumziba langoni, ingawa gari lenyewe halijapata mafuta siku nyingi na halikuwa na safari ya kuzibiwa. Kila mmoja alimaliza kwa maneno yale yale: “Mimi binafsi sina neno. Nawafikiria watoto tu.”

Alikuwapo pia karani mmoja mstaafu, mtu wa makaratasi. Alikumbusha kwamba ipo amri ya rais ya mwaka 2017 kuhusu ngoma: wanawake hawaruhusiwi kupiga ngoma ile ya jadi, na maonyesho yanataka kibali cha wizara pamoja na ada. Sasa yeye amechungulia uani kwa Mama Kresha na kuona kwa macho yake kwamba nusu ya wapigaji ni wasichana. Tulinyamaza tukitafakari uzito wa kosa hilo. Nyumbakumi wetu, ambaye ana wajukuu, aliuliza kama beseni la plastiki nalo limo katika amri. Karani alisema atalitafiti. Mpaka leo anatafiti.

Barua ikaandikwa. Mwandishi nikawa mimi, kwa kuwa ndiye mwenye Kiswahili, na nasema bila majivuno kwamba ilikuwa barua nzuri, yenye “kwa masikitiko makubwa” mbili na “mustakabali wa taifa” moja. Ilipangwa isainiwe Jumamosi asubuhi baada ya kazi za maendeleo, wakati wakazi wote tuko pamoja na majembe. Jumamosi ikafika, tukasafisha mfereji, tukaita watu waje kusaini. Wazazi wakatazamana. Ili waweze kuja kuchimba mfereji, karibu wote walikuwa wamewaacha watoto kwa Mama Kresha. Mwenye baa ndiye aliyekuwa na wawili. Mmoja akasema si vizuri kusaini kabla ya kumchukua mtoto. Barua ikarudi mfukoni mwangu.

Ilikuwa bado mfukoni pale dada yangu mkubwa alipopiga simu kutoka Muyinga.

Dada anakaa mtaa wa Waswahili kule Muyinga. Ni mjane, ana uwanja mpana na kifua kipana, na wanawake wanaofanya biashara kuelekea mpaka wa Kobero humwachia watoto alfajiri na kuwachukua jioni. Sasa majirani wamemshitaki, na familia imeamua niende kumtetea, kwa kuwa ndiye mwenye Kiswahili. Nikapanda basi la kupitia Karusi, barua ya kumshitaki mlezi mmoja ikiwa katika mfuko wa kulia, na hoja za kumtetea mlezi mwingine nikizipanga kichwani upande wa kushoto. Njia ina kona nyingi na hoja zilikuwa zikichanganyika.

Majirani wa dada walikuwa wameandika barua yao kwa Gavana wa Muyinga. Ilikuwa imekwisha rudi. Tangu mpango mpya wa mikoa uanze kazi mwaka 2025, mikoa 18 ikawa 5, Muyinga imeunganishwa na Cankuzo na Ruyigi kuwa mkoa wa Buhumuza, na Gavana wa Muyinga hayupo tena wa kusikitishwa na vilio vya watoto. Ndipo shauri likaangukia panapostahili: kwa wazee wa mtaa, lile baraza linaloitwa kwa Kirundi Intahe yo ku mugina, lililopewa nafasi yake kisheria mwaka 2021.

Tulikaa chini ya mti. Barua ikasomwa. Niliposikia “kwa masikitiko makubwa” niliweka mkono juu ya mfuko wangu nihakikishe ya kwangu bado imo. Ilikuwa barua ile ile. Kelele, harufu, pikipiki, mustakabali wa taifa. Mwishoni: nawafikiria watoto tu.

Mzee aliyeongoza baraza alisikiliza kwa utulivu. Akamuuliza mshitaki wa kwanza, “Bwana, jiko lake la makaa liko wapi?” Hakujua. Akamuuliza wa pili kama shimo la choo lina mfuniko. Hakujua. Akamuuliza wa tatu, dada akienda kuteka maji, nani anabaki na watoto? Huyo naye hakujua, lakini alijua kwa dakika na sekunde saa ambayo mtoto wa mwisho alilia siku ya Jumanne.

Mama mmoja mzaliwa wa Ngara alisimama, akaeleza kwamba kwao Tanzania, ng’ambo ya Kobero, Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kituo cha kulelea watoto mchana kisajiliwe. Mzee akasema ni sheria njema, na akaomba iandikwe katika kumbukumbu. “Lakini mama yangu,” akaongeza, “kabla afisa wa usajili hajafika, mtoto atakuwa ameshafika jikoni. Twendeni tukaangalie.”

Tukaenda wote, washitaki na mtetezi. Jiko la makaa lilikuwa mlangoni kabisa, sufuria ya maharage ikichemka usawa wa pua ya mtoto anayejifunza kutembea. Shimo la choo lilikuwa na mfuniko, ila mfuniko umesimamishwa ukutani. Lango lilikuwa linafunguka kuelekea mteremko ambao baiskeli za ndizi hushuka bila breki, kwa imani tu. Hakuna barua iliyokuwa imetaja hata kimoja. Washitaki walitazama miguu yao. Mimi niliyekuja kutetea nilipata kitu cha kutazama juu ya mti.

Hukumu ilikuwa fupi. Jiko lihamie nyuma ya nyumba na lizungushiwe matofali. Mfuniko ulale juu ya shimo na jiwe juu yake. Lango lipigwe komeo juu, mahali mtoto hafiki. Dada asikae peke yake: atafute msaidizi, na asipompata apunguze watoto. Kila mzazi aache namba ya simu inayopokelewa. Majirani nao, kwa kuwa wanawafikiria watoto, wachange matofali. Kuhusu kelele, mzee alisema watoto walale kuanzia saa saba hadi saa tisa, na saa hizo hizo redio za mtaa nazo zilale. Kisha zikaletwa Fanta, na shauri likafungwa.

Niliporudi Gitega nilikwenda kwa Mama Kresha bila kikao na bila karatasi, mchana, kupitia lango. Nilimwomba ruhusa nione anapopikia uji. Alinitazama kwa muda, kisha akacheka: “Mwalimu, nilidhani umekuja kwa kelele. Karani ameshanisomea ile barua yote.” Jiko lake nalo lilikuwa mlangoni. Tulilihamisha mchana huo huo, mimi na yeye na mvulana wa kalamu nyekundu, aliyesimamia kazi kwa mwiko.

Kelele alizitaja yeye. Alisema watoto hulala vizuri saa saba, tatizo ni jirani mmoja wa upande wa minyaa ambaye husoma insha za wanafunzi kwa sauti na kucheka peke yake. Na kuna jogoo, mwenyewe anamjua, anayewika saa tisa usiku wakati Mama Kresha ndiyo kwanza anamaliza kufua. Nilimwahidi kulishughulikia suala la jogoo. Tulimla Jumapili.

Basi ewe mwenye jirani anayelea watoto, ukihisi una jambo, usianze na barua. Nenda mwenyewe, mchana, umwambie ana kwa ana, na uanze na vitu vinavyoua: moto, shimo, maji, barabara, na mtoto kuachwa bila mtu mzima. Akikataa kusikia, nenda kwa nyumbakumi, kisha kwa wazee wa baraza, na hapo usione haya, kwa sababu aibu yako haitamtoa mtoto kisimani. Ukiona mtoto anapigwa au ana njaa, usipite kwa jirani kabisa, nenda moja kwa moja kwa viongozi na kwa mzazi. Lakini ukishakagua yote hayo ukakuta kilichobaki ni kelele tu, basi huna kesi. Rudi nyumbani, funga dirisha, ulale.