Mheshimiwa Mchanga

Shaba imesifiwa vya kutosha. Ndiyo iliyouzaa mji huu wa Lubumbashi mwaka 1910, ikajengewa dohani ya zaidi ya mita 150, na hata takataka zake, ule mlima mweusi wa masalia ya tanuri, zimepigwa picha kuliko maharusi. Kobalti nayo imepata wapambe wake tangu walimwengu waanze kutembea na betri mfukoni. Malakiti huchongwa mikufu. Sijasikia hata siku moja mtu akisimama hadharani kuusifu mchanga wa pwani, ule unaoingia ndani ya nepi ya mtoto, ndani ya sikio lake, ndani ya chupa ya maziwa iliyokazwa na mkono wa mwanaume mzima. Dhuluma hii imedumu mno.

Kazi hii inamfaa mtu wa bara. Wenzetu wa pwani wamezaliwa juu ya mchanga, na kitu ulichozaliwa juu yake hukioni. Sisi tuko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na nchi yetu ya Kongo, kwa ukubwa wake wote, ina pwani ya kilomita 40 tu kule Muanda na Banana, uchochoro alioachiwa Mfalme Leopold wa Wabelgiji kule Berlin mwaka 1885 ili mto Kongo upate pa kutokea. Kutoka hapa hadi huko, hata ungekuwa ndege wa angani, si chini ya kilomita 1,700. Kwa gari ndiyo usiseme. Dar es Salaam, nchi ya watu, iko karibu zaidi. Ndiyo maana bahari ya mtu wa Lubumbashi ni ya Watanzania, na aliyejaliwa nauli huifuata mwezi wa saba, shule zimefungwa kwa likizo kubwa na baridi ya kiangazi imeanza kuwatoa watoto makamasi. (Asiyejaliwa huenda ziwa Kipopo siku ya Jumapili akarudi jioni. Matope ya Kipopo nayo yana sifa zake, lakini hayo tuyaache kwa siku nyingine.)

Ya njiani sina haja ya kuyarefusha. Kasumbalesa, Kapiri Mposhi, Mpika, Nakonde, Tunduma, Mbeya. Mwanetu wa miaka mitatu alitapika katika nchi tatu, akapitiwa na usingizi Mikumi, palepale tembo walipokuwa wamesimama kando ya lami, akaamka tembo wamekwisha.

Kigamboni, Dar es Salaam, tulimshusha mgongoni, tukamgeuza uso kwa bahari. Kilomita karibu elfu mbili zote zile zilikuwa kwa ajili ya dakika hiyo. Tulikuwa tumemwandaa: picha tumemwonyesha, boya lenye kichwa cha bata tumemnunulia. Akaitazama Bahari ya Hindi, ile iliyowaleta Waarabu na Wareno, kwa muda wa mtu kupiga chafya. Kisha akaipa mgongo, akakaa kitako, akatia mikono yote miwili mchangani hadi viwiko. Tangu siku hiyo hadi tunaondoka, kazi ya bahari ilikuwa moja tu: kutoa maji ya kulowesha mchanga.

Ni nani atamlaumu? Bahari ina kelele, ina chumvi, inasukuma watu wasioikosea. Inakupwa ukishavaa nguo za kuogelea na inajaa ukishavaa za kurudia nyumbani. Mchanga uko palepale ulipouacha jana. Mtoto ataumwaga, ataupiga teke, ataumimina kichwani mwa baba yake aliyelala, nao hautasema neno. Kwa kifuu cha nazi na kifuniko cha ndoo, mwanetu alishinda kazini tangu asubuhi mpaka adhana ya alasiri bila kuita "Mama!" hata mara moja. Yaya gani ana sifa hiyo, na kwa mshahara gani?

Mheshimiwa yeyote lazima aulizwe nasaba, na ya mchanga haina cha kuficha. Ule mweupe wa mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, wanapojipigia picha maharusi wa Ulaya, ni matumbawe, makombe na mwani wa chokaa vilivyosagika, na kiasi chake kimepitia tumboni mwa samaki. Pono huyatafuna matumbawe kwa meno yaliyoungana na kuwa mdomo mmoja mgumu, hufaidi vijimea vilivyomo, na mabaki huyatoa kwa nyuma yakiwa mchanga safi. Pono mkubwa mmoja huweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Nasi siku zote tumemjua kwa usingizi tu. Mtu asiyeamka tunasema amelala kama pono. Kumbe mwenzetu analala kwa sababu amechoka! Koo ngapi za wakubwa zingeweza kufuatiliwa asili yake mpaka hapo, mbele ya watu, na mwenyewe akaendelea kung'aa juani?

Lakini sifa iliyo kubwa kwangu nimeiona ndani ya shimo. Mtoto wa kwetu Katanga ukimpa ardhi laini hajengi ngome. Anachimba. Mwanetu alichimba shimo la kwenda chini wima, jembamba, udongo akiutupa upande mmoja, na hakuna aliyemfundisha. Labda ameona, labda ni damu. Kolwezi, mtaa wa Kasulo, mwaka 2014 watu waligundua kwamba kobalti iko chini ya nyumba zao, wakachimba uani, wakachimba vyumbani, mtu akateremka mgodini kutoka sebuleni kwake. Kuta za mashimo yale zikiporomoka, ni kilio. Kule Kigamboni ukuta wa shimo uliporomoka kila baada ya dakika chache. Mtoto alianguka nao, akatoka na nyusi nyeupe, akacheka mpaka akashikwa na kwikwi, akaanza shimo jingine. Alasiri maji yakajaa, yakafukia migodi yote ya pwani nzima bila fidia, bila mlinzi kupiga risasi hewani, bila kampuni kutoka mbali kuja na karatasi inayosema hapa ni pake. Kesho yake eneo lilikuwa wazi tena kwa yeyote mwenye kifuu.

Akala pia. Hili halikwepeki, mtoto wa miaka mitatu na mchanga lazima waonjane. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mihogo ya kukaanga aliniwahi, mkono mmoja bado umeshika pilipili.

"Dada, mtoto anakula mchanga huyo!"

"Mwache tu, mama. Wa kwetu ndio hauliki."

Akaniangalia kwa huruma, akadhani kwetu ni jangwani. Nilikuwa nasema kweli tupu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Kobalti waliyoikuta ilikuwa miongoni mwa viwango vya juu kabisa kuwahi kuripotiwa kwa wananchi wa kawaida, na kwa watoto ilizidi. Vumbi, mikono, mdomo: njia ni fupi. Penga Penga, mahali ambapo moshi wa tanuri ulizoea kushukia, ardhi ilibaki kipara kwa miaka na miaka kwa sababu ya madini yaliyojaa humo. Kwa hiyo mama wa Lubumbashi akisema "usile udongo" hasemi kwa ajili ya minyoo peke yake. Udongo wetu una thamani mno kiasi cha kutofaa kuliwa na mtoto. Wa Kigamboni hauna thamani yoyote, na mwanetu aliumeza kwa kiasi, akakunja uso kwa chumvi, akalala usiku kucha bila tumbo kumsumbua. Mchana wa siku hiyo nilikaa nikala mihogo yangu, nayo pia ina mchanga, nikautafuna kwa sauti.

Wapo watakaosema mchanga ni adui wa vyombo. Simu ya mume wangu inasimulia. Jioni ya kwanza aliitoa mfukoni ampige mtoto picha, tundu la chaji limejaa, haikuchaji tena hadi fundi wa Kariakoo alipoichokoa kwa sindano. Lakini itazame simu yenyewe kwa haki. Kobalti ya kwenye betri, huenda ilitoka kwetu, maana sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo. Shaba ya nyaya zake, huenda pia. Kioo chake kilianza maisha kikiwa mchanga. Mchanga ulioingia tunduni ulikuwa unawatafuta jamaa zake, wakakutana, wakazungumza mpaka umeme ukakatika. Sioni kosa. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa linasema dunia hutumia tani bilioni 50 hivi za mchanga na kokoto kila mwaka. Shaba ya Kongo, pamoja na makeke yake yote, ni tani milioni kadhaa. Kati ya hao wawili, mkubwa ni nani, na anayejitapa ni nani?

Na sasa mpakani, mahali ambapo utukufu wa mchanga hauna mpinzani. Udongo wetu ukitoka Katanga huondoka kwa itifaki: vibao vya shaba vimefungwa mikanda ya chuma, kobalti iko kwenye magunia makubwa, lori lina lakiri, dereva ana bahasha ya karatasi nene kuliko Biblia ya mchungaji, na foleni ya Kasumbalesa inamsubiri. Hivyo ndivyo unavyokwenda hadi bandarini. Malori yakirudi, mengine yamebeba salfa ya manjano ya kutengenezea asidi, ya kuyeyushia udongo mwingine, ili nao uondoke. Desturi ni ya zamani. Mfalme Msiri wa Bunkeya, katika karne ya 19, alipeleka pembe na shaba, akaletewa bunduki na vitambaa. Na mwisho, Desemba 1891, msafara uliomuua ulikuja kwa njia hiyohiyo ukitokea Zanzibar. Nitajie kitu ambacho pwani imewahi kutuletea bila bili.

Kipo kimoja. Kilivuka mipaka miwili ndani ya upindo wa suruali ya mtoto. Begi letu lilifunguliwa, likapekuliwa kitenge kwa kitenge, mchanga ukamwagika juu ya meza. Ofisa akaufagia kwa kiganja, akapiga muhuri, mwingine ukabaki mahali pake. Haukuulizwa chanjo ya homa ya manjano. Sisi tuliulizwa. Waitaliano wa kisiwa cha Sardinia ndio peke yao niliosikia wameshtuka: kwa sheria yao ya mwaka 2017, msafiri anayeondoka na mchanga wa ufuoni hutozwa faini ya kuanzia euro 500 hadi 3,000. Kule wanajua wanachokipoteza. Afrika Mashariki, ambayo nasi tumo tangu 2022, bado haijaamka, na naomba iendelee kulala mpaka nguo za mwanetu zimalize kukung'utwa.

Maana hazijamaliza. Kisiginoni mwa kiatu, kwenye kitanda, katikati ya kurasa za pasipoti, ndani ya mkunjo wa shingo ya mtoto ambao nauosha kila siku. Nyumba za Lubumbashi kiangazi huwa na vumbi jekundu linaloingia hata dirisha likifungwa, na sakafu yangu nyekundu sasa ina nukta nyeupe zinazolia chini ya kandambili. Ukipika bukari, ugali wetu, jioni, kuna mtu mezani atasimama kutafuna ghafla, atoe kitu ulimini, akitazame kwenye mwanga. Hakuna anayeuliza ni nini. Tunajua ni Kigamboni.

Kaka yangu ndiye aliyetaka kujua zaidi. Yeye hununua mawe ya madini kwa wachimbaji wadogo na kuyauza kwenye madepo, na kazi imemharibu: hawezi kuona kitu cha ardhini bila kukipima. Jumapili alipokuja kutusalimia alimkuta mpwa wake amekaa mlangoni na chupa ya maji ya plastiki, nusu yake mchanga, ambayo sisi wazazi hatukujua ilipandaje basi. Akaichukua, akamimina kidogo kiganjani, akausugua kwa kidole gumba, akaugeuza juani, akanusa.

"Huu unatoa asilimia ngapi?"

"Sifuri, kaka."

"Shaba hamna? Kobalti hamna?"

"Hamna."

"Mmeusafirisha kilomita elfu mbili?"

Akacheka, akafunga chupa, kisha akafanya kile ambacho mnunuzi wa mawe hufanya hata usingizini. Akachuchumaa mbele ya mwenye mali, akataja bei: biskuti moja. Mtoto akatikisa kichwa. Biskuti mbili. Mtoto akaisogeza chupa nyuma ya mgongo. Mjomba akalalamika kwamba bei za dunia zimeshuka, kwamba barabara ni mbovu, kwamba mzigo una unyevu, yaani maneno yote anayowaambia wachimbaji kila siku na wanayakubali kwa sababu hawana la kufanya. Akapandisha: pakiti nzima na Fanta ya baridi.

Mwanetu aliifikiria Fanta. Kisha akasema chupa haiuzwi, ila mjomba akitaka anaweza kuchimba humo kidogo, halafu arudishe.