Jinsi ya Kufundisha Sayansi na Kilimo kwa Vitendo Bila Mtu Kugusa Chochote

Mwalimu mgeni, karibu Bangale. Umeshuka kwenye basi la Garissa, umejipangusa vumbi, na barua ya TSC, tume ya walimu, iliyo mfukoni inasema utafundisha Biolojia na Kilimo. Mtaala nao unataka uyafundishe kwa vitendo. Usishtuke. Fuata mwongozo huu na utafunga muhula ukiwa na shati jeupe vilevile.

Anza na maabara: ifunge. Funguo akae nazo mtu mwenye safari nyingi, hasa yule asiyekosa semina Hola. Kifaa kisichotumika hakivunjiki, na mkaguzi akija atazikuta bureti zimejipanga mstari kama askari. Wanafunzi wachore bureti daftarini, waandike majina ya sehemu zake, kisha wachore tena. Kuishika wataishika siku ya karatasi ya tatu ya mtihani wa KCSE, na mikono itakayotetemeka ni yao, si yako.

Wapo watakaokuchokoza kwa habari za SMASSE, ule mradi ulioanza 1998 kwa ushirikiano wa Kenya na Japani, uliowahimiza walimu wa hisabati na sayansi kubuni vifaa kwa vitu vilivyo karibu nao. Waepuke. Ukiwasikiliza utajikuta unaponda maua ya bogenvilia ili upate rangi ya kupimia asidi, mezani kuna ndimu, maji ya majivu na kikombe cha susa, yale maziwa ya ngamia yaliyochachushwa. Rangi ikigeuka, darasa zima litapiga kelele. Kelele ni utovu wa nidhamu.

Sasa shamba. Panda kabichi. Nchi ni kavu, mvua ya vuli ina maringo na maji huja kwa lori, kwa hiyo hakuna mmea utakaoonyesha bidii yako vizuri zaidi. (Kabichi yenyewe haina kosa, imeletwa tu.) Ipande karibu na lango, imwagiliwe siku ya wageni. Siku nyingine jembe liwe la wakosaji: aliyechelewa alime, aliyesahau sare alime, aliyeponyokwa na neno la Kiorma, lugha ya kwao, alime hadi jioni. Mtoto atamaliza kidato cha nne akijua barabara kwamba kilimo ni kifungo.

Penye hatari kubwa ni mifugo, maana hapo mwanafunzi anaweza kukuzidi. Yule kijana wa nyuma anayesinzia ameamka alfajiri kukamua. Mpe mbuzi, atamfunua mdomo, apitishe kidole kwenye ufizi wa chini na kukutajia umri: mbuzi ana meno manane ya mbele, yote ya chini, juu hana hata moja, jozi ya kwanza ya meno ya kudumu huota akiwa na mwaka na kitu, kisha jozi nyingine karibu kila mwaka, hadi zitimie nne. Akianza hivyo, mnyamazishe. Mwambie afungue kitabu ukurasa wa ng'ombe wa Friesian, mnyama ambaye jua la hapa lingemmaliza kabla ya kengele ya mapumziko, akariri lita zake.

Usithubutu kutaja kwamba watafiti walikwenda hadi ranchi ya Galana kumchunguza ng'ombe wa Waorma, wakakuta anastahimili ugonjwa wa nagana uenezwao na mbung'o kuliko Boran wa kisasa aliyeboreshwa. Mwanafunzi akijua kwamba zizi la babu yake limeandikwa kwenye majarida ya sayansi, kesho atauliza kwa nini halimo kwenye somo lako.

Mti wa mathenge nao uache kando, ingawa kuna watu waliwahi kuufanyia somo la vitendo mbele ya hakimu. Mti huo ulipandwa Bura na Baringo miaka ya 1980 kuzuia jangwa na kuleta kuni, ukageuka msitu wa miiba. Mwaka 2006 wafugaji wa Baringo waliishtaki serikali, wakampeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi awe ushahidi: maganda matamu ya mathenge hunasa kwenye ufizi na kuozesha meno. Biolojia, kemia na kilimo katika mdomo mmoja. Wewe una silabasi ya kumaliza.

Matokeo yakitoka mabaya, sema wanafunzi wa jamii za wafugaji hawapendi sayansi. Utaitikiwa ofisi zote hadi Nairobi.

Ila kama moyo wako hauwezi kazi hii, basi chukua funguo leo, na Ijumaa mwombe mzazi mmoja akuletee mbuzi. Kijana wa nyuma atakusaidia kumshika.