Programu Isiyopiga Hodi

Mpwa wangu anasoma kompyuta chuoni, na tangu muhula huu uanze nyumba yetu ya Al Khoud, hapa Muscat, haina raha. Juzi kaikuta programu yangu ya kupanga majina ya waalikwa wa harusi, watu 212, niliyoiandika kwa lugha ya C kama nilivyofundishwa enzi hizo: safu ya majina, i hapa, j pale, na anayestahili kutangulia anabadilishwa nafasi na mwenzake. Inakwenda polepole. Na mimi pia nakwenda polepole.

"Mjomba, bado unahesabu nafasi kwa namba? Tumia vielekezi bwana, iruke!"

Nikamwambia namba na vielekezi ni mtu na kivuli chake. Katika C, aliyoiunda Dennis Ritchie pale Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, majina[i] ni *(majina + i), basi. Ukitaka vituko andika i[majina], itakubali bila kukunja uso. Na kompaila za siku hizi mara nyingi hutoa kazi ile ile kwa njia zote mbili. Hakusikia.

Tena Muscat yenyewe iko upande wake. Hapa sikka, yaani vichochoro, zina vibao vya namba, nyumba zina namba, na sijapata kumsikia mtu akizitaja. "Ukiupita msikiti kata kulia, nyumba ya tatu, yenye tangi jeupe." Hicho ni kielekezi. Siku jirani akipaka tangi lake rangi nyeupe, wageni wako wanakunywa kahawa kwa watu baki.

Basi kijana akakaa, akala halwa yangu nusu sahani, akafuta i na j zote, akabonyeza. Kufumba na kufumbua, tayari.

"Umeiona kasi, mjomba?"

Kasi niliiona. Nikaiangalia na orodha. Wa kwanza Zuwena, wa pili Hamed, wa tatu Asha: vile vile nilivyowaandika daftarini, kwa heshima, nikianza na shangazi yangu mtu mzima.

Birika zima la chai lilikwisha ndipo tukamnasa mwizi. Palipotakiwa strcmp, inayoingia ndani na kusoma herufi moja moja, bwana mdogo kaweka alama ya "kubwa kuliko" baina ya kielekezi na kielekezi, yaani anwani na anwani. Kila jina nilikuwa nimelitengea herufi 40, kwa hiyo kama Zuwena anakaa 1000, Hamed yuko 1040, Asha 1080. Anwani zimekwishajipanga zenyewe! Programu imepita milango 212, haikupiga hodi hata mmoja, ikarudi kutuambia wote wamekaa sawa. Kwa kazi ya namna hiyo hata goti langu lina kasi.

Akairekebisha, nikachapisha. Safari hii alifabeti ilinyooka kama uzi. Jioni shangazi akaja, akavaa miwani, akashuka na kidole jina kwa jina. Juu kabisa, Abla, mwenye umri wa miezi saba. Kidole kikashuka, kikashuka, karatasi ya pili, ya tatu, ya nne, hadi mstari wa mwisho.

"Nani kaniweka huku?"

Mpwa wangu, mwenye vielekezi vyake, akanyoosha kidole kwangu.