Majibu kwa Waliokataliwa na Kompyuta

Bwana Mshauri, mimi ni mwalimu mstaafu wa Tanga. Mjukuu wangu amenitilia programu ya barua pepe iitwayo Thunderbird katika kompyuta ya mezani. Nimeandika anwani yangu ya Gmail na nywila ambayo kivinjari kiliipokea dakika hiyo hiyo, programu ikanijibu kuwa si sahihi. Nimeirudia herufi kwa herufi mbele ya mke wangu awe shahidi. Je, akili imeanza kunitoka?
— Mwalimu Aliyekanwa

Shikamoo, Mwalimu. Hasha, akili yako i salama, na mama asisumbuliwe tena kutoa ushahidi, kwa kuwa katika shauri hili mwongo ni ule ujumbe ulioandikwa kwenye kioo. Tangu tarehe 30 Mei 2022 Google ilianza kuzizuia programu za nje zinazobisha hodi kwa jina na nywila tupu; Microsoft ikaanza kufanya vivyo kwa barua za maofisini mwezi Oktoba mwaka huo huo, na wenye anwani za Outlook.com wakafikiwa na zamu yao Septemba 2024. Amri yenyewe naiunga mkono, maana ukiikabidhi programu nywila yako umeikabidhi mamlaka yako yote, barua pamoja na picha za wajukuu, hali haja yake ilikuwa barua peke yake. Siwezi lakini kuusamehe usemi wake: ni bawabu aliyeamriwa kutopokea ufunguo wa mtu yeyote, bali hati yenye muhuri, naye kwa uvivu wa kueleza humwambia kila ajaye kwamba ufunguo wake ni bandia.

Hati hiyo hupatikana kwa utaratibu uitwao OAuth2, uliokamilika kuandikwa mwaka 2012: wewe wajitambulisha mbele ya Google yenyewe, katika dirisha lifungukalo juu ya programu, kisha Google huipa programu kibali cha barua tu, ambacho waweza kukifuta siku yoyote utakayo. Basi ingia katika mipangilio ya akaunti, uitazame seva ya kupokelea, ambayo yapasa kuwa imap.gmail.com, poti 993. Na pale penye njia ya uthibitishaji, uiondoe nywila ya kawaida, uweke OAuth2. Dirisha lisipokubali kukamilisha kazi yake, hakikisha kwamba Thunderbird imeruhusiwa kupokea vidakuzi, kwani bila hivyo Google haimsikilizi mtu. Na ikiwa mjukuu alikuwekea toleo kuukuu lisiloijua OAuth2 hata kwa jina, mwambie alete jipya. Iko njia ya pili, nayo ni nywila ya programu, yenye herufi 16, ambayo Google huwapa waliowasha uthibitishaji wa hatua mbili. Ila mimi huihesabu kuwa ni tiba ya dharura.

Mshauri, mimi ni karani wa wakala wa forodha Mombasa. Barua za Gmail zaingia vizuri, lakini nikijibu, programu yanidai nywila na kuikataa. Wateja wanadhani nawadharau.
— Bubu wa Kilindini

Ndugu yangu, kupokea na kutuma ni kazi mbili zisizo na nasaba moja. Kanuni ya kutuma barua, SMTP, iliandikwa na Jonathan Postel mwaka 1982, zama ambazo mtandao ulikuwa wa watu wachache wenye kuaminiana, wala haikumdai mtumaji athibitishe yeye ni nani; sharti hilo liliongezwa baadaye, mwaka 1999. Kanuni ya IMAP, ambayo kwayo wazisoma barua zako, ilibuniwa na Mark Crispin mwaka 1986 kwa kazi nyingine kabisa. Kwa sababu hiyo, aliyekutengenezea upande wa kupokea hakuugusa upande wa kutuma, akaondoka akidhani amemaliza. Itafute seva ya kutuma barua, smtp.gmail.com, poti 465 kwa SSL/TLS ama 587 kwa STARTTLS, uiwekee OAuth2 nayo, na jina la mtumiaji liwe anwani nzima. Kisha waombe radhi wateja.

Kwa Nahodha wa Lamu, ambaye barua yake ni ndefu mno kuchapwa: kompyuta yako yaamini kuwa huu ni mwaka 2009, hivyo vyeti vya usalama vya seva yaviona havijaanza kutumika. Irekebishe tarehe kabla ya kumlaumu mtu.

Bwana Mshauri, asubuhi mume wangu alibadili nywila ya Gmail ya duka letu. Kufika adhuhuri, programu iliyokuwa haijaniuliza nywila mwaka mzima imenifungia. Je, ameoa mke wa pili?
— Mwenye Wasiwasi, Darajani

Bibi, nywila ya Gmail ibadilikapo, Google huvifuta vibali vya barua ilivyovitoa kabla, na zile nywila za herufi 16 pia, kwa kuwa abadiliye nywila huenda ameibiwa, na mwizi aliyekwisha kupata kibali angesalia ndani. Kufungiwa kwako kwathibitisha kwamba nywila imebadilika, jambo ulilokwisha kulijua, wala hakuongezi chembe ya ushahidi juu ya ndoa. Muulize bwana nywila mpya, kwa upole, baada ya chakula. Ingia katika dirisha la Google, ukubali ruhusa, nazo barua za duka zitarudi. Akisitasita kuitaja, hapo shauri limetoka nje ya poti 993, na wa kuandikiwa ni kadhi.