Mahasimu wa Gigahezi

Mnamo Machi 2020, mhandisi Mark Cerny alipojitokeza kufafanua siri za PlayStation 5, mashine ya michezo ya Sony, kwa upole uliomstahili mwalimu wa faraidhi, alitamka jambo ambalo mashabiki walilipokea kana kwamba wamepunjwa mirathi, nalo ni kwamba kasi ya chipu ya picha, ifikayo gigahezi 2.23, si ya kudumu, bali hupungua kazi izidipo, ili umeme unaoliwa usipindukie kadiri iliyowekwa. Mahasimu wao wa Xbox Series X ya Microsoft, itulizanayo kwenye gigahezi 1.825 bila kuyumba, waliishangilia ithibati hiyo ya unyonge, wala hawakushughulika na kauli ya Cerny kwamba kupunguza kasi kwa asilimia chache tu huokoa asilimia 10 ya umeme. Na umeme usioliwa, Waislamu, ni joto lisilozaliwa.

Tena PlayStation 5 yenyewe haiulizi chumba kina joto gani. Hutazama kazi tu, hata iliyoko Oslo na iliyoko Maskati zikaenda mwendo mmoja, uadilifu ambao mabingwa wa mabishano hayo hawajaufikia.

Joto si la kudharauliwa: Xbox 360 ziliharibika kwa wingi hata Microsoft, mwaka 2007, ikatenga zaidi ya dola bilioni 1 kugharimia dhamana. Sony, kwa ihtiyati, ilitia metali ya majimaji juu ya chipu, ikaunda jitu la kilo 4.5, lisiloenea katika kabati ya muungwana yeyote.