Kashata na Sinia ya Idd

Nyumba yetu ya Sokomuhogo ina ngazi ya mbao ya ghorofa tatu, uwa mdogo wenye birika na jiko la mkaa, na sheria ambazo hakuna aliyewahi kuziandika. Viatu hubaki chini. Paka wana ruhusa ya kila pahala isipokuwa jikoni. Mbwa hana ruhusa yoyote, na tangu marehemu babu alipoinunua nyumba ile hapakuwahi kutokea mtu wa kumwombea.

Wa kwanza kumwombea alikuwa wifi yangu. Alikuwa akifanya kazi kwa mke na mume wa Kizungu waliopanga Shangani, watu wema, na mkataba wao ulipokwisha wakaambiwa nyumba wanayoendea haipokei mnyama. Mbwa wao alikuwa mdogo, wa kubebwa kwa mkono mmoja, baba pudeli na mama spanieli wa Kiingereza. Chotara, kama tunavyosema kwa ng'ombe wa maziwa. Rangi yake ni ya sukari iliyoungua, na ndiyo maana wakamwita Kashata. Wifi alimlea tangu mdogo na hakuwa tayari kumwona akitupwa barabarani.

Hoja yake kwa Bi Mkubwa, mama yetu, ilikuwa moja. "Mama, huyu hapukutishi manyoya. Huko kwao watu wenye pumu ndio wanaowachagua hawa." Alisema hivyo kwa sababu mwanawe wa kiume ana pumu, na mtoto huyo ndiye aliyekuwa akimlilia Kashata usiku na mchana.

Bi Mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu, mimi sikuuliza manyoya. Mimi nauliza mate."

Unguja wengi wetu ni Mashafii, na kwa Mashafii mbwa ni najisi nzito: chombo alichokitia ulimi huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Akikugusa mkavu nawe mkavu, huna la kuosha. Shida ni majimaji. Wamaliki wana rai nyingine, kwao mbwa aliye hai ni twahara. Na hakuna madhehebu yanayoruhusu kumtesa. Kila aliyesoma chuoni anaijua hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji kwa kiatu mbwa mwenye kiu, Mungu akamsamehe. Wala mbwa si kiumbe kigeni kisiwani kwetu. Wasasi wa Kusini Unguja wametembea nao msituni vizazi kwa vizazi, na nyavu zao, wakiwinda paa na kuwafukuza nguruwe wanaoharibu mihogo. Kigeni ni mbwa wa kulala sebuleni.

Ikaamuliwa: Kashata atakaa uwani, kamba ndefu, bakuli lake peke yake, na hapandi ngazi.

Nimesoma baadaye asili ya hawa machotara wa pudeli, na inanigusa. Aliyewapa umaarufu ni Wally Conron, aliyekuwa akisimamia uzalishaji wa mbwa wa kuongoza vipofu huko Australia. Mwanamke mmoja kipofu wa Hawaii aliomba mbwa, lakini mumewe alikuwa akidhurika na manyoya. Conron alijaribu pudeli mmoja baada ya mwingine, hawakuifaa kazi, mpaka mwaka 1989 akampandisha pudeli kwa Labrador. Wakazaliwa watoto watatu. Nywele na mate yao vikapelekwa Hawaii kupimwa, na akapatikana mmoja tu ambaye hakumdhuru yule bwana. Mbwa huyo aliitwa Sultan. Ndugu wawili wa Sultan, tumbo moja, manyoya yale yale, hawakufaulu. Conron mwenyewe alikuja kusema hadharani kuwa anajuta, kwa jinsi watu walivyogeuza jambo lile biashara na kuzalisha ovyo. Mwaka 2011 watafiti wa Detroit walikusanya vumbi katika nyumba zenye mbwa, wakalinganisha za hao wanaosifiwa kuwa hawadhuru na za mbwa wengine. Hawakuona tofauti. Kinachomdhuru mwenye pumu ni protini iliyomo kwenye mate na kwenye magamba madogo ya ngozi, na kila mbwa ana mate na ngozi.

Daktari wa mtoto alitueleza hivyo hivyo pale kifua kilipoanza kubana. Mtoto alikuwa akilambwa mashavu kila akitoka skuli, kisha analala na fulana ile ile. Wifi alirudi nyumbani amenyong'onyea. Bi Mkubwa hakumsuta. Aliuliza tu daktari kasema nini, na alipoambiwa "mate," akatikisa kichwa, akamwagiza mtoto akaoge na kubadilisha nguo kabla ya kumkaribia mtu.

Manyoya nayo yana yake, na hili ningependa kila anayemtamani mbwa wa namna hii alijue kabla ya kumbeba. Manyoya yasiyodondoka hayapotei. Yanabaki mwilini, yanasokotana na yale yanayoota. Mbwa wa shamba hujikung'uta akamaliza. Huyu anahitaji mkono wa mtu kila siku. Masika ilipoingia, kuta zetu za mawe na chokaa zikatoa jasho, na Kashata akaanza kufunga mafundo: nyuma ya masikio, makwapani, chini ya shingo pale kamba inapopita. Burashi inateleza juu, unamwona mzuri, kumbe chini karibu na ngozi pameshikana kama jamvi. Inatakiwa kitana cha chuma cha meno mapana, uyafunue manyoya mstari kwa mstari mpaka uione ngozi, na fundo ulifungue kwa vidole kutoka nchani kuelekea ndani. Ukimwosha kabla ya kumchana, fundo linakaza zaidi. Na kila baada ya wiki kama sita hivi anataka kunyolewa. Kinyozi wa Darajani alikataa kumtia mashine yake, na nilimwelewa, kwani mashine hiyo hupita shingoni mwa watu wanaokwenda kusali. Wifi akajifunza kwa mkasi, kitana kikiwa daima kati ya makali na ngozi.

Masikio yanayoning'inia na hewa yetu ya bahari haviendani. Mtoto alimpeleka kuogelea Mizingani, asimkaushe vizuri, na baada ya siku chache sikio likatoa harufu ya jibini lililooza. Ikabidi dawa ya matone, na tangu hapo kitambaa kikavu kinatundikwa mlangoni.

Kisha ikaja Idd el-Fitri.

Sinia ya kwanza ya pilau ilikuwa tayari uwani, imefunikwa kawa, juu ya jamvi safi. Wageni walikuwa juu wakipeana mikono. Watoto wa jirani, kanzu mpya, walitaka kumwona Kashata akiruka, wakamfungua. Kawa likapinduliwa. Nilipochungulia kutoka ghorofa ya kwanza nilimwona amesimama na miguu ya mbele ndani ya sinia, pua imezama, akichagua nyama kwanza na wali baadaye.

Vilio viwili vikatoka kwa pamoja. Bi Mkubwa alililia sinia, ya shaba, aliyopewa na mama yake siku ya harusi. Wifi alililia zabibu. Pilau ya nyumbani kwetu haikosi zabibu kavu wala vitunguu, na vyote viwili ni sumu kwa mbwa: kitunguu huvunja chembe nyekundu za damu, zabibu huua figo, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Tangu 2021 madaktari wa wanyama wa Marekani wanaishuku asidi ya tatariki, ile ile iliyomo kwenye ukwaju, kwa hiyo na ukwaju usimpe.

Daktari wa mifugo alipokea simu hata siku ile ya sikukuu. Mleteni sasa hivi, alisema, atapishwe kabla sumu haijashuka; na msimnyweshe maji ya chumvi, chumvi nayo inaua. Kaka akawasha vespa, wifi akakaa nyuma na buibui lake jipya, Kashata ndani ya kikapu cha ukili, wakapenya kati ya watoto waliokuwa wakielekea viwanja vya sikukuu.

Nyumbani Bi Mkubwa alikuwa akitafuta udongo. Mji Mkongwe ni mawe na saruji, udongo uko wapi? Mtu akamletea wa kwenye chungu cha mrihani juu darini; akaukataa, una samadi. Mjukuu wake, yule yule mwenye pumu, akatoka mbio mpaka Bustani ya Victoria pale Vuga, akarudi na magao mawili ya udongo mkavu katika kofia yake ya Idd. Sinia ikasuguliwa, ikasuuzwa, ikahesabiwa kwa sauti mpaka saba. Wageni walikula sinia ya pili wakiwa wamekwishachelewa sana, na hakuna aliyeondoka.

Kashata alipigwa sindano, akatapika zabibu nzima nzima, akawekewa maji ya mshipa na figo zake zikaangaliwa kwa siku kadhaa. Alipona.

Lakini hakurudi kwetu. Jirani yetu wa ng'ambo ya uchochoro, bibi wa Kigoa anayesali Minara Miwili, alikuwa amebaki peke yake baada ya wanawe kuhamia Canada, na aliomba mwenyewe akae naye. Wifi anakwenda kumnyoa. Mtoto anamchana kwenye baraza, hewani, baada ya alasiri, kisha ananawa na kubadilisha fulana, na kifua chake kimetulia. Nyama ya Kashata inatoka kwetu: imechemshwa kwenye chungu chake, bila chumvi, bila kitunguu, bila mfupa, na Bi Mkubwa ndiye anayeisimamia. Juzi alimrudisha mtoto mlangoni na bakuli mkononi.

"Kamuulize Bibi, chanjo ya kichaa ya mwaka huu keshapigwa? Maana naona watu wote mmekaa kimya."